Gego la mwisho: Mzazi, usisubiri shavu livimbe

Mara nyingi simu huingia jioni. Ni matroni wa shule ya bweni, anasema binti hajala tangu jana, shavu limejaa upande mmoja na mdomo haufunguki vizuri. Mtihani wa kidato cha sita umekaribia. Mzazi aliyeko umbali wa mikoa miwili anauliza swali la kwanza linalomjia kichwani: “Ameanguka?” Hapana, hajaanguka. “Ana jino bovu?” Akitazamwa kwa haraka, meno yote yanaonekana mazima.

Binti mwenyewe anajua kwamba jambo hili halikuanza jana. Miezi mitatu iliyopita palikuwa na kidonda nyuma kabisa ya taya la chini, kikauma siku nne kikapoa. Mwezi uliopita kikarudi. Alinunua vidonge vya maumivu, akasukutua kwa maji ya chumvi, akaendelea na masomo. Nyumbani hakusema, kwa sababu kila mara maumivu yaliisha kabla hajapata nafasi ya kupiga simu.

Hivyo ndivyo gego la mwisho lililokwama linavyofanya kazi. Huuma, hupoa, husahaulika, kisha hurudi likiwa na nguvu kuliko mara ya kwanza. Wanaoumia zaidi ni vijana wa umri ambao wazazi wengi huona wameshavuka hatua ya kuangaliwa meno: walioko kidato cha tano na sita, vyuoni, au ndio kwanza wameanza kazi.

Jino lenyewe ni lipi?

Mtu mzima mwenye meno yote huwa na 32. Kati ya hayo, manne ni magego ya mwisho, moja katika kila pembe ya kinywa: mawili juu na mawili chini. Wapo wanaoyaita meno ya busara au meno ya akili, kwa kuwa huchomoza mtu akiwa anaingia utu uzima. Kwa kawaida huanza kuonekana kati ya miaka 17 na 25, ingawa kuna wanaoyapata baadaye na wengine hawayapati kabisa, kwa sababu chembechembe zake hazikujiunda.

Shida ni kwamba hufika wakati nafasi imekwisha. Meno mengine yote yamekwisha kupanga mstari, na taya limebakiza kipande kidogo tu nyuma. Jino linalokosa nafasi hukwama. Huweza kulala likielekea mbele na kusukuma gego la jirani, na huu ndio mkao unaoonekana zaidi. Huweza kulala chali ndani ya mfupa, kuinama kuelekea nyuma, au kusimama wima lakini likabaki nusu chini ya ufizi.

Magego ya chini husumbua zaidi kuliko ya juu. Mfupa wa taya la chini ni mgumu na mzito, na sehemu lilipo gego la mwisho hubanwa na mfupa unaopanda kuelekea sikioni. Ndiyo maana maumivu yake mara nyingi husikika hadi sikio, koo na kichwa upande huohuo. Kijana huenda hospitali akilalamika sikio, akapewa dawa ya matone, kumbe mzizi wa tatizo uko mdomoni.

Mfuko unaohifadhi chakula

Jino lililokwama lote ndani ya mfupa linaweza kukaa kimya miaka mingi. Linalosumbua zaidi ni lile lililochomoza nusu. Sehemu yake moja huonekana, nyingine hufunikwa na kipande cha ufizi kama kitambaa kilichofunika sahani bila kuikaza. Chini ya kipande hicho kuna mfuko mdogo. Chakula huingia, mswaki haufiki, bakteria huzaliana, na ufizi huvimba.

Ukishavimba, kila anapotafuna gego la juu huukanyaga. Maumivu huongezeka, naye huacha kutafuna upande huo na kuacha hata kuusugua kwa sababu unauma. Uchafu huzidi na uvimbe huzidi.

Dalili zake si ngumu kutambua:

- ufizi mwekundu, uliovimba nyuma ya gego la mwisho linaloonekana;
- maumivu wakati wa kutafuna au kumeza;
- harufu mbaya ya kinywa au ladha chungu isiyoisha hata baada ya kupiga mswaki;
- usaha unaotoka ufizi unapobonyezwa;
- mdomo kushindwa kufunguka kama kawaida;
- tezi zilizovimba chini ya taya.

Wapo wanaougua mara moja tu kisha jino likamaliza kuchomoza salama. Lakini maambukizi yanayorudi mara ya pili na ya tatu ni ishara kwamba mfuko ule haujaondoka, na hautaondoka kwa vidonge.

Jirani asiye na hatia

Madhara mengine huja polepole na bila kelele. Gego lililoinama mbele huacha mwanya mwembamba kati yake na gego la pili. Chakula hukaa hapo usiku na mchana. Baada ya muda gego la pili, ambalo ndilo la kutafunia, huanza kuoza kwa nyuma, mahali ambapo si mgonjwa wala mzazi anaweza kupaona. Kijana akianza kusikia maumivu akinywa maji ya baridi au chai ya moto, huenda tundu limekwisha kuwa kubwa. Kuna wanaolazimika kung'olewa meno mawili badala ya moja.

Mfupa unaoshika gego hilo la jirani nao huweza kuliwa na ugonjwa wa fizi. Mara chache, gego lililokwama huikwangua mizizi ya jirani yake. Na mara chache zaidi, kifuko kinacholizunguka jino ndani ya mfupa hujaa majimaji na kukua kidogo kidogo. Kifuko hicho hakiumi mwanzoni. Huweza kupanuka hadi kuudhoofisha mfupa wa taya kabla ya mwenyewe kugundua. Kwa kawaida hugunduliwa kwa picha ya eksirei, mara nyingine iliyopigwa kwa sababu nyingine kabisa.

Lini ni dharura?

Hapa ndipo mzazi anapopaswa kusoma mara mbili. Maambukizi ya jino la nyuma chini yako karibu na shingo na njia ya hewa. Yakivuka ufizi na kuingia kwenye nafasi zilizoko chini ya ulimi na chini ya kidevu, uvimbe huweza kuunyanyua ulimi na kuibana njia ya hewa. Daktari wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliuelezea ugonjwa wa namna hiyo mwaka 1836, na hadi leo vitabu vya tiba huuita kwa jina lake. Unaua, tena kwa kasi, usipotibiwa.

Mpeleke kijana hospitali mara moja, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya haya:

- uvimbe unashuka shingoni au uko chini ya kidevu pande zote mbili;
- anashindwa kumeza hata mate, na mate yanamtoka;
- sauti imebadilika, kama mtu anayezungumza na kitu cha moto mdomoni;
- anapumua kwa shida au hawezi kulala chali;
- mdomo haufunguki hata kupitisha kidole;
- ana homa kali na kutetemeka, au anaonekana kuchanganyikiwa.

Dalili hizi hazisubiri kliniki ya meno ifunguliwe Jumatatu. Zinahitaji hospitali yenye wodi, oksijeni na watu wa upasuaji. Mwenye kisukari, au mwenye kinga ya mwili iliyoshuka kwa sababu yoyote, asisubiri hata uvimbe ufike huko. Kwake maambukizi husambaa kwa urahisi zaidi.

Makosa yanayofanyika nyumbani

Kosa la kwanza ni antibiotiki za kununua dukani bila kuandikiwa. Kijana hupewa vidonge vichache vya amoksilini au metronidazo, humeza siku mbili, maumivu yakipungua huacha. Dawa hizo zina nafasi yake pale ambapo kuna homa, uvimbe unaosambaa au mdomo usiofunguka, na daktari ndiye anayepima. Lakini haziwezi kusafisha chakula kilichonasa chini ya ufizi wala kulinyoosha jino lililolala. Kumeza nusu dozi kila baada ya miezi miwili kunachelewesha matibabu na kuwazoesha bakteria dawa.

Kosa la pili ni kuweka aspirini, betri, spiriti au unga wa kienyeji juu ya ufizi. Aspirini hutuliza maumivu ikimezwa. Ikiwekwa kwenye ufizi huunguza nyama na kuacha kidonda cheupe juu ya tatizo lililokuwapo. Mafuta ya karafuu yanaweza kutuliza kwa muda mfupi, lakini yakizidi nayo huunguza.

Kosa la tatu ni kukanda shavu lililovimba kwa kitambaa cha moto ili “usaha uive”. Mahali palipo na maambukizi, joto la nje halisaidii, na madaktari wa meno hulikataza.

Kosa la nne, na pengine kubwa kuliko yote, ni imani kwamba jino haling'olewi likiwa limevimba, kwa hiyo mgonjwa akae nyumbani hadi shavu lishuke. Ni kweli daktari anaweza kuahirisha kung'oa hadi maambukizi yatulie. Lakini anayeamua hivyo ni yeye, baada ya kumwona mgonjwa. Kinachoweza kuahirishwa ni kung'oa, si kutibu. Wengine huhitaji usaha utolewe siku hiyohiyo.

Wakati wa kusubiri miadi, kijana asiye na dalili za hatari anaweza kusukutua kwa maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi moja, mara kadhaa kwa siku na hasa baada ya kula. Apige mswaki taratibu, kwa mswaki laini, hadi nyuma kabisa. Kwa maumivu, parasetamoli humfaa mtu mzima wengi wao, bila kuzidisha vidonge vinane vya miligramu 500 ndani ya saa 24. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito asimeze ibuprofeni wala diklofenaki bila kumuuliza daktari.

Je, kila gego lililokwama ling'olewe?

Hapana. Kuna wazazi wanaosikia neno “limekwama” na kutaka yote manne yatolewe siku hiyo. Nchini Uingereza, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilielekeza mwaka 2000 kwamba gego lililokwama lisilo na ugonjwa wowote lisitolewe kwa tahadhari tu, kwa kuwa upasuaji wenyewe una hatari zake. Katika nchi nyingine madaktari huwa wepesi zaidi kulitoa mapema. Wote wanakubaliana juu ya jambo moja: jino linalosababisha ugonjwa lishughulikiwe, na lile lililokaa kimya lifuatiliwe.

Sababu ambazo kwa kawaida humfanya daktari ashauri kulitoa ni maambukizi ya ufizi yanayojirudia au yaliyokuwa makali hata mara moja, jino kuoza kiasi cha kutozibika, kuharibika kwa gego la jirani, ugonjwa wa fizi eneo hilo, na kifuko cha maji kwenye mfupa.

Sababu moja inayotajwa sana mitaani haina uzito huo. Wengi huamini kwamba magego ya mwisho ndiyo yanayosukuma meno ya mbele yabanane. Tafiti hazijathibitisha hilo. Meno ya mbele ya chini huelekea kubanana kadiri umri unavyosonga, hata kwa watu wasio na magego ya mwisho. Kumng'oa binti meno mawili mazima kwa sababu hiyo peke yake si uamuzi wa kukimbilia.

Upande wa pili wa mizani ni umri. Mfupa wa kijana wa miaka 20 ni laini kuliko wa mtu wa miaka 45, na mizizi ya jino huenda bado haijakomaa. Kidonda chake hupona haraka zaidi. Kwa hiyo kama sababu ya kulitoa ipo tayari, kuahirisha miaka kumi hakurahisishi kazi.

Ndani ya chumba cha daktari

Hatua ya kwanza ni kutazama na kuuliza. Ya pili ni picha. Picha inayofaa zaidi ni ile inayoonyesha taya zima kutoka sikio hadi sikio, kwa sababu huonyesha jino limelalaje, mizizi yake ina umbo gani, na iko umbali gani na mfereji wa neva unaopita ndani ya taya la chini.

Neva hiyo ndiyo inayompa mtu hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Nyingine inayopita upande wa ulimi hubeba hisia na ladha. Jino likitolewa, neva hizi huweza kuguswa, na mgonjwa akabaki na ganzi ya mdomo au ulimi. Kwa wengi hisia hurudi baada ya wiki au miezi. Kwa wachache hairudi yote. Mzazi na kijana wana haki ya kuelezwa hili kabla ya kutia saini, wala si aibu kuuliza.

Maswali manne yanatosha: Kwa nini jino hili litolewe sasa? Mizizi yake iko karibu kiasi gani na neva? Atakayeling'oa ana ujuzi wa upasuaji wa magego yaliyokwama? Na gharama yote ni kiasi gani, pamoja na picha na dawa? Mwenye bima ya afya aulize mapema kama kadi yake inalipia upasuaji huo au inalipia kung'oa kwa kawaida tu.

Swali la ujuzi lina maana. Kung'oa gego lililosimama wima ni kazi ya dakika chache. Gego lililolala huhitaji kupasua ufizi, kuondoa mfupa kidogo, mara nyingine kulikata jino vipande, kisha kushona. Kliniki isiyo na vifaa hivyo ikitoa rufaa kwenda hospitali ya mkoa au ya kanda, haijamsumbua mgonjwa, imemlinda. Kwa walio wengi ganzi ya sindano inatosha, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Wiki moja baada ya kung'olewa

Donge la damu linalobaki kwenye shimo ndilo bandeji ya asili. Likitoka, mfupa hubaki wazi na maumivu makali huanza, mara nyingi siku ya tatu hadi ya tano, yakipanda hadi sikioni. Wavutaji sigara hupatwa zaidi. Ili kulilinda:

- Ang'ate gozi kwa nguvu kama alivyoelekezwa, kwa kawaida nusu saa, bila kulitoa kila dakika kutazama.
- Saa 24 za kwanza asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, asinywe kwa mrija.
- Akae mbali na sigara na pombe, hasa kama amepewa metronidazo.
- Ale vyakula laini visivyo vya moto: uji uliopoa, mtori, viazi vya kuponda, parachichi, mtindi.
- Aweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa nje ya shavu siku ya kwanza, kwa vipindi vifupi.
- Kuanzia siku ya pili asukutue kwa maji ya chumvi taratibu, na aendelee kupiga mswaki meno mengine.

Uvimbe huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu kisha hupungua. Damu isiyokoma, homa, usaha, au maumivu yanayopanda badala ya kushuka ni sababu ya kurudi kwa daktari. Mwanafunzi apangiwe siku hiyo wakati wa likizo inapowezekana, si wiki ya mtihani.

Dakika tano za leo jioni

Kijana akiwa nyumbani, mzazi anaweza kufanya jambo dogo. Mwambie akae karibu na mwanga, afungue mdomo, uwashe tochi ya simu. Tazama nyuma kabisa ya taya la chini, kushoto na kulia. Je, kuna ncha ya jino inayochungulia? Ufizi umeifunika nusu? Ni mwekundu kuliko sehemu nyingine? Kisha muulize swali ambalo pengine hajawahi kuulizwa: “Huko nyuma pamewahi kukuuma, hata kama palipoa?”

Akijibu ndiyo, na hasa akisema pameuma zaidi ya mara moja, panga miadi wakati bado hana maumivu. Picha hupigwa kwa utulivu, daktari hueleza kwa nafasi, na familia huamua pasipo haraka. Kama yuko bweni, mpigie na umuulize hivyohivyo. Ni heri mzazi ampigie simu mtoto leo, kuliko matroni ampigie mzazi usiku wa kuamkia mtihani.